Ukija Mwanza, Fika Ziwani

Watu wengi wa Kolandoto, Shinyanga, huiona Mwanza kwa mara ya kwanza wakiwa wamemsindikiza mgonjwa. Hospitali yetu ni ya siku nyingi, ipo tangu 1913 ilipoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, na leo iko chini ya kanisa la AICT. Inatibu mengi. Yale yanayoishinda huyapeleka mbele, na mbele kwetu ni hospitali ya Bugando, Mwanza. Basi mtu anafunga nguo mbili kwenye kanga, anaweka kadi ya bima mfukoni, anamketisha mama yake dirishani kwenye basi, na safari ya Mwanza ndiyo hiyo. Wengine huja na mtoto aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe. Wengine wana magunia ya mchele ya kuuza. Lililowaleta likiisha, wanageuza. Nikiwauliza kama ziwa wameliona, wananiambia wameliona, lakini kwa mbali, wakiwa kwenye gari.

Jambo hilo linaniuma kweli. Mimi ni mzaliwa wa Kolandoto niliyehamia Mwanza kufuata biashara ya dagaa, na nyumba yangu ya Kitangiri haikosi mgeni wa kutoka nyumbani. Haya namwandikia mgeni huyo wa mara ya kwanza, hata kama ana nusu siku tu ya kupumua kati ya shughuli na shughuli. Usiondoke Mwanza bila kufika majini. Na tena maji haya si mageni kwako. Tangu 2009 maji ya bomba tunayokunywa Shinyanga na Kahama yanavutwa kutoka chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi. Umekuwa ukinywa Ziwa Victoria nyumbani kwako miaka yote hiyo. Njoo ulione lilivyo.

Kutoka Kolandoto hadi Mwanza ni kilomita kama 150, lami tupu. Utapita Maganzo, uone vilima vya mchanga wa mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha Mabuki na Misungwi, nchi tambarare ya pamba na ng'ombe. Ukifika Usagara, njia panda ya kwenda Geita, mawe yanaanza. Buhongwa, Mkolani, halafu Nyegezi, na hapo ndipo mabasi ya kwetu yanaposhusha. Watu wengi wanadhani Nyegezi ndiyo Mwanza mjini. Siyo. Mjini bado kuna mwendo wa kilomita kumi hivi. Usikubali kubebewa mzigo na mtu ambaye hujamtuma, wala usimwambie kila anayekuuliza kwamba ndiyo mara yako ya kwanza. Tembea kama unayejua unakokwenda, toka nje ya stendi, panda daladala ya mjini. Kama una mgonjwa, chukua bajaji moja kwa moja hadi Bugando, ila patana nauli kabla hujakaa.

Lugha haitakupiga chenga. Mwanza ni mji wa makabila yote, Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wakurya, Wahindi waliokuja na maduka ya pamba, lakini asubuhi ukisema kwa Kisukuma "Mwangaluka" sokoni, vichwa vingi vitageuka. Mama akikuitikia na kukuuliza umetoka wapi, jibu. Kwa salamu hiyo wageni wangu wamepata bei nzuri, na mara nyingine wamepata hata mahali pa kulala.

Bugando yenyewe iko juu ya kilima, na jengo lake linaonekana karibu kila upande wa mji. Ilifunguliwa 1971 na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote, kwa hiyo pale getini utakutana na watu wa Geita, Bukoba, Musoma, Bariadi, kila mtu na chupa yake ya uji. Kati ya saa za kuona wagonjwa kuna muda mrefu. Wengi wanaumalizia kwenye nyasi, wamelala juu ya kanga, na nawaelewa, uchovu wa kuuguza naujua. Ila kama mgonjwa wako ametulia na mnapokezana zamu, shuka mjini. Kuteremka ni kwa miguu. Kupanda utatafuta bodaboda.

Anzia Kamanga, palipo na kivuko cha kwenda upande wa Sengerema. Hapo ndipo lilipo jiwe lililo kwenye picha zote za Mwanza, limesimama juu ya mawe mengine ndani ya maji, na Wajerumani waliliita Bismarck kwa jina la waziri mkuu wao. Walianzisha kituo chao hapa 1892, jina wakaliacha likabaki. Watu wanauliza nani aliyelipandisha jiwe lile. Hakuna aliyelipandisha. Mawe ya Mwanza ni graniti, mwamba ulioganda chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Udongo uliokuwa juu yake ukaliwa na mvua na upepo taratibu, mwamba ukabaki wazi, maji yakaingia kwenye nyufa, jua likaupanua mchana na baridi ikaubana usiku, kona zikamomonyoka. Yaliyobaki ndiyo haya unayoyaona yamepangana. Geuka nyuma uangalie vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo: watu wamejenga juu ya mawe, katikati ya mawe, nyumba imeegemea jiwe ukutani. Wengine hubeba ndoo za maji kupanda ngazi walizochonga wenyewe. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kustaajabisha kuliko jiwe la Bismarck.

Sasa Mwaloni. Kama una muda wa sehemu moja tu, iwe hii.

Soko la samaki la Mwaloni liko Kirumba, ufukweni kabisa, na konda yeyote wa daladala za Kirumba atakushusha jirani. Fika mapema. Saa moja asubuhi boti kutoka visiwani zinakuwa zimeshaegesha, na wapagazi wanapita kwenye mbao nyembamba wakiwa na maroba ya dagaa mabegani, wanapiga kelele upishe. Pisha kweli, maana mzigo wa aina ile hausimami. Juu ya mapaa wamekaa makorongo wakubwa wenye upara, wanasubiri chochote kinachodondoka. Hawana neno na wewe. Harufu itakukaba dakika za mwanzo, halafu pua inazoea.

Utakachokiona pale ni biashara ya nchi kadhaa. Wapo wanunuzi wa Kongo, wa Rwanda, wa Burundi. Yale mapande makubwa ya samaki yaliyokaushwa kwa chumvi na kupangwa kama magogo ya kuni ni kayabo, yaani sangara wa chumvi, na mengi yake yanakwenda Kongo. Kuna samaki wa moshi, kuna furu wadogo, na kuna dagaa, rundo juu ya rundo. Dagaa ndio ninaowafahamu, kwa hiyo ngoja nikueleze namna ya kuwanunua.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai na sasa nyingi ni taa za umeme wa jua, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, kwa sababu ziwa zima lina mwanga, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo angalia mwezi kabla hujaja sokoni. Siku za giza mzigo ni mwingi na bei inashuka. Siku za mbalamwezi utanunua mzigo wa zamani kwa bei ya juu. Ukishafika, usinunue kwa macho. Chovya mkono mpaka chini ya roba, maana wazuri hukaa juu. Chukua wachache, wasugue kiganjani. Dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja hung'aa kama fedha na mkono hubaki safi. Aliyeanikwa chini mchangani atakuachia chenga, na mchanga huo utaula kwenye mboga hata ukimwosha mara tano. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda ana unyevu, na ukimfungia kwenye mfuko mpaka Kolandoto atafika ameota ukungu. Mwisho mnuse. Harufu kali inayopanda kichwani ni ya dagaa aliyenyeshewa akaanikwa tena. Muuzaji atakwambia, "Mayo, hawa ni wa usiku wa jana." Mshukuru, kisha chovya tena mkono.

Sato na sangara wabichi ni habari nyingine. Angalia mashavu yawe mekundu, jicho liwe limejaa, na nyama ukiibonyeza irudi. Anza na sato ukitaka kujua kwa nini watu wa hapa hawahami. Mama lishe wa karibu na mwalo watakuchomea au kukuungia, na ugali wa dona au wa udaga, pilipili na ndimu pembeni. Samaki wa kuagiza huchukua muda, kwa hiyo agiza ndipo ukazunguke. Sisi watu wa Shinyanga tuliokulia mlenda, nsansa na michembe tuna tabia ya kumwogopa samaki mwenye miba. Kula kwa mkono, anza mgongoni, utamzoea.

Sangara, ukimwona mkubwa kuliko mtoto wa miaka kumi, elewa kwamba si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Alileta viwanda vya minofu, ndege za mizigo na ajira, na alikula aina nyingi mno za furu ambazo hazikuwepo popote duniani isipokuwa hapa. Wazee wa mwaloni wanazikumbuka kwa rangi zake. Siku hizi kitu cha thamani zaidi ndani ya sangara si mnofu, ni bondo, ule mfuko wa hewa tumboni, unaokaushwa na kuuzwa China. Utaona watu wanalipima bondo kwa uangalifu wa sonara. Mtazamo wangu ni kwamba ziwa tumelikopa sana na hatujaanza kulilipa, na mgeni anayenunua samaki mchanga asiyefikia kipimo kwa sababu ni wa bei chee anatuongezea deni.

Sasa suala la kuogelea. Mtoto akiona mawimbi atataka kuingia, na mtu mzima pia. Nakuomba usiingie, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi. Ziwa lina kichocho. Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu visivyoonekana, navyo hupenya kwenye ngozi wala havihitaji kidonda. Hutasikia kitu siku hiyo. Baadaye ndipo tumbo linauma, choo kinakuwa na damu, na kichocho kikikaa miaka bila dawa kinaharibu ini. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na kwenye kanda yetu wanafunzi hugawiwa shuleni. Kama umeshaingia majini, ukirudi nyumbani nenda ukapimwe, mwambie mganga uliogelea wapi. Na yapo maeneo yenye mamba. Wenyeji wakikwambia hapa hapana, usibishane nao.

Ukitaka kuwa juu ya maji bila kuloa, nenda Saanane. Ofisi ya hifadhi iko upande wa Capri Point na boti inafika kisiwani kwa dakika chache. Palianzishwa bustani ya wanyama 1964, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale. Utaona swala, pundamilia, pimbi wengi wakiota jua kwenye mawe, na mijusi yenye vichwa vyekundu. Ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto. Panda kwenye jiwe la juu uangalie mji ulivyokaa. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje.

Siku ya pili, ukiipata, elekea upande wa Musoma. Panda daladala ya Kisesa. Njiani utapita Igoma, na hapo naomba ushuke kwanza. Yapo makaburi ya watu wa MV Bukoba. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, ikiwa imebaki mwendo mfupi tu kufika Mwanza. Inakadiriwa watu zaidi ya 800 walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, na hakukuwa na orodha kamili ya waliopanda, kwa hiyo wapo waliozikwa bila ndugu zao kujua. Nchi ilikaa kwenye maombolezo. Ikapita miaka 22, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220, na kisa kilikuwa kilekile cha kujaza. Nawapeleka wageni wangu Igoma kwa makusudi. Anayeyaona makaburi yale hapandi chombo kilichojaa, na akikosa koti la kuokolea anauliza. Safiri asubuhi inapowezekana, maana upepo wa mchana huinua mawimbi, na mvua za radi za huku si za kufanyia mchezo.

Kutoka Igoma endelea hadi Kisesa, uchukue bodaboda ya Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Huku ndiko kwenu, hata kama hujawahi kufika. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikaa na Wasukuma miaka ya 1950, akajifunza lugha na ngoma zao, akakusanya vitu vya watemi ambavyo vilikuwa vinaanza kupotea. Kuna kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi. Kuna jengo lililochukua umbo la kiti cha enzi, na ndani zipo ngoma za himaya mbalimbali za Usukuma. Kuna nyumba ya Msukuma wa zamani, na vyombo vya mganga, na vya mhunzi. Jambo linalowagusa wageni wangu zaidi ni habari za Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma. Babu zetu walituambia sisi ni wa upande huu au ule, tukadhani ni utani wa ngoma tu. Pale utaelezwa habari za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa walioshindana, wafuasi wao wakagawanyika hadi leo. Ukija mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, utakuta Bulabo: mashindano yenyewe, Bayeye wanacheza na chatu shingoni, Banunguli, wawinda nungu, wanacheza yao, na umati unahamia kwa anayevutia. Atakayevutia watu wengi zaidi ndiye mshindi. Waulize waongozaji kila kitu, na ukiwa na mzee safarini mwachie yeye azungumze. Nimeona mwongozaji akitoa daftari kuandika alichosimuliwa na bibi wa Kolandoto.

Wanaokuja kutokea Geita sasa wana kitu kingine cha kuona, nao ni Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko, na gari la wagonjwa nalo linasubiri. Leo ni dakika chache. Kutoka Usagara si mbali, na mtu wa Kolandoto mwenye usafiri wake anaweza kupitia hapo.

Kwa wenye siku mbili zaidi, shauri langu ni Ukerewe. Meli za Nansio huondokea Bandari ya Kaskazini, ni mwendo wa saa kadhaa, na unapitia visiwa vidogo ambavyo vingine ni mawe na miti miwili mitatu. Ni kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza 1945, kikachapishwa kwa Kiswahili 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Kitafute ukisome kabla ya safari, kisha mashamba ya mihogo na mitumbwi utakayoiona huko utaiona kwa macho mengine. Andikisha jina lako kamili kwenye tiketi, na namba ya simu ya ndugu. Gesti zipo Nansio, si za kifahari, ni safi. Machungwa yanunue hukohuko gatini kabla hujapanda meli ya kurudi. Ukishuka nayo Mwanza watu watakuuliza unauza shilingi ngapi.